Uchaguzi wa Madiwani Uliomwondoa Mfalme

Wasikilizaji wetu, watu wengi hudhani ya kuwa uchaguzi wa baraza la mji ni jambo dogo, lihusulo maji, barabara na soko tu. Basi na tutazame habari za nchi ya Hispania, tuone kama dhana hiyo ni kweli.

Mwaka 1923 Jenerali Miguel Primo de Rivera alitwaa utawala kwa ridhaa ya Mfalme Alfonso XIII, akaisimamisha katiba. Alipojiuzulu mwaka 1930, serikali ilitaka kurudia njia ya sheria polepole, ikaona heri kuanza na uchaguzi wa madiwani wa miji na vijiji, kwa kuwa haukuonekana kuwa na hatari. Siku iliyowekwa ilikuwa tarehe 12 Aprili 1931. Wenye haki ya kura walikuwa wanaume waliotimiza miaka 25, wanawake hawakuwamo.

Yafaa tufahamu hali ya vijiji vya siku zile. Mahali pengi wenye mashamba makubwa ndio waliotoa kazi, na ndio walioamua nani achaguliwe. Tena sheria ya mwaka 1907 ilisema ya kwamba wagombea wasipozidi idadi ya viti, wote wahesabiwe wamechaguliwa pasipo kura. Hivyo wanakijiji wengi hawakupata hata kutia karatasi sandukuni. Lakini mijini mtu aliweza kuchagua bila kumwogopa bwana wake, na huko wapinzani wa ufalme walishinda katika miji mikuu 41 ya mikoa 50. Kila mtu alijua ni kura zipi zilizotolewa kwa hiari.

Asubuhi ya tarehe 14 Aprili mji wa Eibar ulitangulia kutangaza jamhuri. Usiku ule Mfalme akaondoka Madrid, akapanda meli bandarini Cartagena.

Jamhuri hiyo haikudumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipiganwa tangu 1936 hata 1939, kisha Jenerali Francisco Franco akatawala mpaka alipokufa mwaka 1975. Ndipo tarehe 3 Aprili 1979 madiwani wakachaguliwa tena kwa uhuru, na wanaume na wanawake. Tangu hapo huchaguliwa kila miaka minne. Nao, katika mikoa mingi, huchagua miongoni mwao wajumbe wa baraza la mkoa.

Basi tukumbuke: kura ya diwani si ndogo. Uzito wake hupimwa kwa uhuru wa yule aipigaye.