Jina la Mkama Ndume

Mwaka 1987 ilitoka filamu ya Kiingereza, White Mischief, ambayo mpaka leo wapenzi wa historia ya Kenya wanaitaja. Inamhusu Lord Erroll, bwana mkubwa aliyevuma kwa kutembea na wake za watu. Januari 24, 1941, alikutwa ndani ya gari lake nje ya Nairobi, amepigwa risasi. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe Diana alikuwa na uhusiano na Erroll, alishtakiwa, mahakama ikamwachia. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Pemba nasi tunaye bwana mkubwa wetu mwenye sifa mbaya. Kusini-mashariki mwa Chake Chake, kule Pujini, kuna magofu ya ngome ya karne ya 15, kabla Wareno hawajafika. Mwenyewe, kwa masimulizi, ni Muhammad bin Abdulrahman. Ila wengi tunamjua kwa jina jingine: Mkama Ndume.

Wazee husimulia kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa matako. Alikuwa na wake wawili, na kisima kikajengewa ukuta katikati ili wasionane.

Mwanaakiolojia Adria LaViolette alichimba pale, na moja ya vilivyoonekana ni chumba cha chini ya ardhi chenye mchoro wa siwa ukutani. Siwa ni pembe ya watawala, kwa hiyo ukubwa wa mtu huyu si porojo. Ukatili je? Hilo mawe hayasemi. Ukitazama kuta peke yake, utaishia kumsifu fundi.

Linalosema ni jina. Kukama ni kukamua maziwa, na ng'ombe dume hakamwi. Huyu aliwakama wanaume, yaani aliwatoa hata wasichokuwa nacho. Siamini kama mtu angejiita hivyo mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya ile filamu. Inahangaika na nani kamuua bwana, huku Waafrika wengi humo ni watumishi wanaopita tu na sinia. Erroll aliachiwa cheo chake mpaka kaburini. Mtawala wa Pujini hakuwahi kusimamishwa kizimbani, lakini waliobeba mawe walimhukumu, na hukumu yao tunaisoma kila tunapomtaja. Basi anayewatembeza wageni Pujini aanze na jina, kuta zifuate.