Denver: Jela Kwanza, Duka Baadaye

Oktoba 1937, sheria mpya ya ushuru wa bangi ilianza kutumika Marekani nzima. Siku chache tu baadaye, korti moja ya Denver, jimbo la Colorado, iliwafunga jamaa wawili. Samuel Caldwell alipewa miaka minne kwa kuuza, Moses Baca miezi 18 kwa kupatikana nayo. Caldwell hutajwa kuwa muuzaji wa kwanza kufungwa chini ya sheria hiyo.

Sasa ruka hadi 1 Januari 2014. Mji ni ule ule, bidhaa ni ile ile, lakini watu wamepiga foleni kwenye baridi wakisubiri duka lifunguliwe. Anayenunua wa kwanza ni Sean Azzariti, mwanajeshi wa zamani aliyepigana Iraq. Kamera zinammulika, naye analipa ushuru na kwenda zake.

Mambo hayakubadilika kwa usiku mmoja. Mwaka 2000 wapigakura wa Colorado walikubali bangi itumike kama dawa. Mwaka 2012 wakarudi debeni, na karibu asilimia 55 wakaihalalisha kwa kila mtu aliyefikisha miaka 21, ingawa gavana wao, John Hickenlooper, alikuwa ameipinga hoja hiyo.

Pesa nazo si mchezo. Mwaka 2014 maduka yaliuza bangi ya karibu dola milioni 700, ya dawa na ya starehe pamoja. Kufikia 2021 mauzo yalikuwa yamepita dola bilioni 2.2. Wapigakura walikuwa wameahidiwa kwamba sehemu ya ushuru itajenga shule, na kweli shule zikajengwa. Baadaye bangi ikajaa sokoni, bei ikaanguka, majimbo jirani kama New Mexico yakafungua maduka yao, na mauzo ya Colorado yakashuka.

Lakini hizo bilioni ziliingia mifuko ya nani?

Mwanzoni, leseni za kuuza bangi ya starehe zilitengewa waliokuwa tayari na biashara ya bangi ya dawa. Serikali kuu bado iliihesabu bangi kuwa haramu, kwa hivyo benki nyingi ziliogopa kuwakopesha. Ulihitaji mtaji wako mwenyewe. Juu ya hayo, rekodi ya kesi kubwa ya dawa za kulevya ingeweza kukufungia mlango. Yaani waliokuwa wakihaso na bangi hiyo enzi za kukimbizana na polisi, wakaijua biashara nje ndani, ndio walioambiwa wakae kando.

Hata polisi hawakuacha tabia. Miaka mitano baada ya maduka kufunguliwa, Weusi wa Colorado walikuwa bado wanakamatwa kwa makosa ya bangi kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya Wazungu.

Marekebisho yalikuja 2020. Sheria mpya iliweka leseni za watu walioumizwa na vita dhidi ya bangi, na Gavana Jared Polis akafuta hukumu 2,732 za waliopatikana na aunsi moja au chini yake. Kufikia hapo soko lilikuwa na miaka sita, na walioshika nafasi nzuri walikuwa wameshazishika. Halafu msamaha wenyewe ulihusu kupatikana na bangi tu. Waliofungwa kwa kuuza, kama Caldwell, hawakuwemo kwenye orodha.