Ngome ya Udongo ya Berkhamsted

Neno ngome humfanya msikilizaji awaze mawe. Lakini Wanormani walioishinda Uingereza mwaka 1066 walijenga ngome zao nyingi za kwanza kwa udongo na miti, kwa kuwa mtawala mgeni aliyezungukwa na watu wasiomtaka hana wasaa wa kungojea waashi. Handaki lilichimbwa, udongo wake ukarundikwa ukawa kilima, na juu ya kilima ukasimamishwa mnara wa mbao. Chini yake ulikuwapo ua wa askari na farasi, uliozungushiwa boma la magogo.

Ngome ya namna hiyo iko Berkhamsted, kaskazini-magharibi ya London. Kwa habari za tarikh ya kale ya Waingereza, hapo ndipo wakuu wa nchi waliposalimu amri kwa William mshindi. Kilima chake kina kimo cha mita 12 hivi. Kuta za mawe zilifuata baadaye. Na mwaka 1216 Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, aliizingira ngome akaitwaa. Ilipohamwa mwaka 1495, watu waliyachukua mawe yake wakajengea nyumba zao. Mawe yalikwenda, udongo ukabaki.

Hatari ya udongo ilikuja na gari la moshi. Sheria ya Bunge ya mwaka 1833, iliyoruhusu reli ya London na Birmingham, iliilinda ngome hiyo. Na jambo hilo huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake katika Uingereza. Hata hivyo tuta la reli lilimeza lango la kale na sehemu ya maboma ya nje. Leo, chini ya sheria ya mwaka 1979, kuchimba mahali palipolindwa namna hiyo bila idhini ya serikali ni kosa.

Yaweza kuulizwa kwa nini Waingereza walinde kilima kilichoinuliwa ili kuwatisha wazee wao. Jibu limo katika udongo wenyewe. Mawe yaliyoanguka huweza kupangwa upya. Matabaka ya udongo yakivurugwa hayapangiki tena, na alama za nguzo zilizooza hupotea pamoja nayo. Tena, tarikh imehifadhi majina ya walioamuru ngome zijengwe; juu ya maskini walioonewa katika ujenzi huo imesema maneno machache tu, bila jina hata moja. Kazi ya mikono yao ndiyo kumbukumbu yao. Kilima kikisawazishwa, watabaki washindi peke yao.