Embire, Mzabibu wa Buhaya

Safiri kutoka Bukoba kwenda Muleba uone nchi inavyobadilika. Kwanza ni rweya, nyasi fupi juu ya udongo hafifu. Halafu ghafla kijani kizito cha kibanja: migomba, na chini yake kahawa. Udongo ule haukuumbwa hivyo. Wahaya waliujenga kizazi kwa kizazi, kwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa rweya.

Migomba ya kibanja haifanani. Enchoncho na nshakala ni za kupika. Embire ni za pombe. Zote ni za kundi moja la ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, ndugu wa karibu mno, ila embire ina ukakasi ndani ya nyama yake, na ukiipika utajuta. Ukakasi wa namna hiyo mkulima wa Toscana, Italia, anaujua katika zabibu zake za Sangiovese, na wa Piemonte katika Nebbiolo. Tena mzabibu na mgomba huenezwa kwa njia zinazofanana, bila mbegu: ule kwa kipande cha tawi, huu kwa chipukizi la mama yake. Aina ikishakatika, hairudi.

Embire zilizokomaa huvundikwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, au juu ya moto wa jikoni. Zikiiva, wanaume huzikanyaga pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Juisi yake, omulamba, ni tamu, hata watoto hunywa. Huongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi ukafunikwa kwa majani, na kesho yake ni rubisi. Divai ya Barolo ya Italia hukaa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuuzwa. Rubisi ikikaa siku chache huchachuka, kwa hiyo haiwezi kufichwa ghalani: anayepika lazima aite majirani. Naamini kinywaji hiki kilijenga ujirani wa Buhaya kwa sababu hiyo hasa.

Kilijenga na utawala pia. Mukama, yaani mfalme, alipelekewa rubisi kama ada, na wapangaji wa nyarubanja, mashamba ya mabwana, walimlipa mwenye ardhi kwa ndizi na pombe. Sheria ya 1965 ndiyo iliyoanza kuwakomboa.

Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria ulithibitishwa Muleba, mara ya kwanza nchini Tanzania. Wadudu huubeba kutoka ua dume moja hadi jingine, na panga lisilosafishwa huupeleka shamba zima. Vibanja vilivyoachwa na babu vikang'olewa. Kabla ya hapo bungua na uchovu wa udongo vilikuwa vimekwisha kuleta migomba ya kigeni, FHIA kutoka Honduras na Yangambi kutoka Kongo. Imelisha watu, na siilaumu. Lakini imekaa palipokuwa pa embire.

Waitaliano walianza kulinda divai zao mapema: mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III, alitangaza kwa amri mipaka ya eneo la divai ya Chianti. Sisi tusingoje amri. Wewe mwenye kibanja Katerero, Bugabo au Kamachumu, muulize babu jina la kila mgomba wa embire, uliandike, na kabla hujang'oa ule wa mwisho mpe jirani chipukizi lake lisilo na ugonjwa.