Jua la Utosi Kibaha na Kisarawe

Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huwafika wakazi wake utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi 3 na karibu na Oktoba 10. Adhuhuri ya siku hizo mlingoti wa bendera hauna kivuli. Siku hizo mbili hazigawi mwaka nusu kwa nusu. Kwa zaidi ya miezi saba jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Kusini halimalizi hata mitano. Kijiti cha mita 1 kikisimamishwa Juni 21, kivuli chake cha adhuhuri huelekea kusini kwa sentimita 58. Desemba 22 kimeshageukia kaskazini, na hakizidi sentimita 30. Yote hayo yanatokana na mhimili wa dunia, ulioinama nyuzi 23.4.

Vivuli vya kugeukageuka vilijulikana zamani. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Alexandria alieleza kwamba katika nchi za joto kivuli cha mchana huanguka kaskazini kwa majira fulani na kusini kwa mengine. Mji wa Rhapta, bandari ya pwani hii ambayo mahali pake hapajathibitishwa, aliuweka nyuzi 7 kusini, yaani karibu sawa na Kisarawe.

Wenyeji wa pwani walihitaji jua kwa kazi. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani huzunguka majira yote na haimwambii mkulima lini apande. Wakulima na manahodha wakashika mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, wakihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi. Mwaka huo hauna siku ya nyongeza, basi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Kasoro hiyo haikuwasumbua sana, maana katika umri wa miaka 60 ni siku 15 tu. Mwishoni mwa karne ya 19 Siku ya Mwaka, yaani mwanzo wa mwaka huo, iliangukia Agosti. Leo sikukuu yake, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, husherehekewa Julai.

Pepo nazo hulifuata jua. Likiwa kusini huvuma kaskazi. Likiwa kaskazini huvuma kusi. Mvua huja jua linapopita utosini au baada yake kidogo: vuli kuanzia Oktoba, masika kuanzia Machi.

Misikitini kivuli kilikuwa ndiyo saa. Adhuhuri huingia jua linapopinduka. Kwa madhehebu ya Shafii, alasiri huingia kivuli kinapofikia urefu wa kitu pamoja na kile kivuli cha adhuhuri. Kijiti cha mita 1 husubiriwa hadi mita 1.58 mwezi Juni, lakini mapema Machi mita 1 yatosha. Kibla pia hupimwa kwa jua: karibu na Mei 28, saa 6 na dakika 18 mchana, jua huwa juu ya Makka, na anayelielekea ameelekea Kibla, ambayo kutoka Kibaha ni karibu kaskazini kamili.

Saa ya ukutani haiendi sambamba na jua hilo. Saa za Tanzania hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ulio mbali na Kibaha, na mwendo wa dunia kulizunguka jua haulingani mwaka mzima. Hivyo jua hufika kileleni saa 6 na dakika 8 mwanzoni mwa Novemba, na saa 6 na dakika 38 katikati ya Februari.