Mchango wa Siku Moja na Mfuko wa Vizazi

Likuyani, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, ni nchi ya wahamiaji. Kabla ya uhuru, sehemu kubwa ya ardhi hii inayopakana na Trans Nzoia na Uasin Gishu ilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Kupitia Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, mashamba yao yalikatwa vipande na kupewa familia kutoka Maragoli, Bunyore, Tiriki, Bungoma na kwingineko, kila moja ikibeba deni la kulipia ardhi yake kwa miaka mingi. Waliofika hawakukuta kaburi la babu yao hata mmoja. Jirani upande wa kulia alikuwa wa ukoo mwingine, wa kushoto alisema lahaja nyingine, na ng'ambo ya barabara aliishi Mkalenjin au Mkikuyu. Ghasia za mwaka 1992 na za 2007 hadi 2008, zilizowatimua watu katika ukanda huu wa Lugari na Turbo, zilionyesha kwa uchungu kwamba ujirani wa namna hii haujiundi wenyewe.

Kwa hiyo Likuyani ni mahali pafaapo kuulizia swali ambalo nchi nyingi zimelijibu kwa njia tofauti: watu waliounganishwa na mahali, si na damu, huchangiana vipi, na utoaji wao huongezeka na kudumu kwa njia gani?

Jibu moja lilitolewa Cleveland, jimbo la Ohio, mwaka 1914. Frederick Harris Goff, mwanasheria aliyekuwa rais wa benki ya Cleveland Trust, alisumbuliwa na wosia za matajiri waliokwisha kufa. Mtu alikuwa ameacha mali kwa ajili ya shida fulani, shida ikatoweka, na mali ikabaki imefungwa kwa kusudi lisilo na maana tena, wala hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Goff alibuni mfuko mmoja wa mji mzima. Wengi wangeweka humo mali zao, kubwa kwa ndogo, benki ingezitunza, na kamati ya raia ingegawa mapato yake kwa faida ya wakazi. Kamati ikiona kwamba kusudi la mtoaji limepitwa na wakati, ilikuwa na mamlaka ya kulielekeza kwingine. Ndivyo ulivyozaliwa mfuko wa kwanza wa jamii wa aina hii. Uingereza iliufuata mfano huo mjini Swindon mwaka 1975, na Ujerumani mjini Gütersloh mwaka 1996.

Likuyani haikungoja Cleveland ili ijue kutoa. Mtu akifariki Kongoni au Sango, jua halitui kabla kamati ya mazishi haijakaa: mwenyekiti, mweka hazina, na mwandishi mwenye daftari. Huyu ataleta kuni, yule debe la mahindi, mwingine hema na viti. Walioko Nairobi, Eldoret au ughaibuni hutuma kwa M-Pesa, na majina yao husomwa mbele ya watu pamoja na kiasi walichotoa. Bili ya hospitali huchangiwa vivyo hivyo, na karo ya mtoto aliyeitwa shule ya bweni. Juu ya hayo kuna vyama vya akina mama vinavyozungusha pesa kila juma au kila mwezi na kugawana akiba Disemba. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha kazi yao kuhusu utoaji wa watu maskini katika nchi nne za kusini mwa Afrika, wakaonyesha kwamba maskini ndio wanaosaidiana kila siku, na kwamba msaada huo una kanuni, kumbukumbu na wajibu wa kurudishiana. Mkazi yeyote wa Matunda, Likuyani, angewaambia hivyo.

Penye tofauti ni kwenye muda. Mchango wa Likuyani humalizika na shughuli yake. Mazishi yakipita, daftari hufungwa, na kilichobaki, kama kipo, hupewa mjane. Chama kikigawana Disemba, Januari huanza upya na sanduku tupu. Mfuko wa Cleveland ulikataa kwisha, kwa kuwa mtaji hauguswi na kinacholiwa ni faida tu. Sioni haki ya kuuita mtindo mmoja hekima na mwingine ujima wa kizamani. Pesa inayotolewa leo na kutumika leo haiwezi kuibwa kesho na mweka hazina, wala kuliwa na mfumuko wa bei. Kwa watu walioona vyama vya ushirika vikiporomoka na akiba zao, kumaliza sanduku kila mwaka ni ulinzi uliofikiriwa vizuri. Lakini ulinzi huo una gharama. Jamii inayokusanya kila wiki kwa miaka sitini haina hata shilingi moja iliyobaki kumsubiri mtoto atakayezaliwa mwaka kesho.

Anayedhani kwamba fikra ya mtaji usioguswa ililetwa Afrika Mashariki kutoka Ohio atazame pwani yetu. Mjini Mombasa na Lamu, karne nyingi kabla ya Goff, watu waliweka wakfu nyumba, maduka, visima na mashamba ya minazi. Kodi ya duka ililipa mafuta ya taa za msikiti, na mavuno ya nazi yalimtunza mwalimu wa madrasa. Mali yenyewe haikuuzwa, haikurithiwa wala haikutolewa zawadi. Serikali ya kikoloni ilianzisha Makamishna wa Wakfu mwaka 1900, na mwaka 2022 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mpya ya wakfu.

Katika hili wakfu na mfuko wa Cleveland ni ndugu. Hutengana wanapofikia neno la marehemu. Wanazuoni wa fikihi husema kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu lina nguvu kama matini ya sheria yenyewe. Alichosema kifuatwe, awe hai au amekufa. Goff aliuona uzito huohuo wa neno la marehemu kuwa ndio ugonjwa aliotaka kuutibu. Hata hivyo tofauti si nyeusi na nyeupe. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu, chini ya usimamizi wa kadhi, kubadilisha mali ya wakfu iliyoharibika kwa mali nyingine yenye manufaa, ilhali Washafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani, wamekuwa wagumu zaidi. Kila upande unalinda kitu chenye thamani. Wakfu unamlinda mtoaji: akiwa na hakika kwamba ahadi haitageuzwa, atatoa bila hofu. Mfuko wa Cleveland unamlinda mwombaji wa kesho, ambaye shida yake mtoaji hakuweza kuiota.

Kuna jirani mwingine, na kwa Likuyani huenda yeye ndiye wa karibu kuliko wote. Mjini Addis Ababa, mwanzoni mwa karne iliyopita, wahamiaji kutoka pembe mbalimbali za Ethiopia walianzisha iddir, vyama vya kuzikana. Kila mwanachama hulipa ada ya mwezi, na chama huwa na hema, sufuria, viti, kanuni zilizoandikwa na faini kwa asiyehudhuria. Zipo iddir za ukoo na za kazini, lakini iliyo kuu ni ya mtaa: Muoromo, Mwamhara na Mgurage huzikana kwa sababu wanaishi kichochoro kimoja. Janga la ukimwi lilipoacha mayatima wengi, baadhi ya iddir zilitoka nje ya mazishi zikaanza kuwatunza watoto hao. Hatua hiyo inanivutia kuliko yote katika ulinganisho huu. Chama kilichoanzishwa kwa ajili ya wafu kiligeukia walio hai, kikitumia hazina ileile na uaminifu uleule uliojengwa kaburini.

Kamati ya mazishi ya Kongoni inafanana sana na iddir, isipokuwa katika jambo moja: yenyewe huzaliwa na msiba na kufa nao. Iddir hubaki. Ada yake hulipwa hata mwezi usio na msiba, na kwa kulipa mwezi huo mtu hujifunza kutoa bila kuombwa na machozi.

Kenya nayo ilikuwa na jibu lake la kitaifa. Tangu Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, wananchi walijijengea shule, zahanati na majosho kwa wingi ambao Serikali peke yake isingeuweza. Katika makazi mapya kama Likuyani, shule ya harambee ndiyo iliyokuwa mali ya kwanza ya pamoja kati ya watu wasiojuana, na sidhani kuna mfuko wa jamii ulioanza kwa heshima kubwa kuliko hiyo. Baadaye meza ya harambee iligeuka jukwaa la wanasiasa. Mgeni wa heshima alikuja na bahasha, akapigiwa makofi, na mchango wa mama aliyeleta shilingi hamsini ukawa utangulizi tu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwawekea mipaka, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia maafisa wa Serikali kushiriki harambee. Linganisha na Cleveland: kule mtoaji mkubwa alizikwa kwanza, ndipo pesa zake zikagawanywa na kamati, hapa mtoaji mkubwa alisimama jukwaani akiwa hai, tena akiomba kura.

Mwaka 1997 wakaja wajenzi wa njia ya tatu. Shirika la Kenya Community Development Foundation liliasisiwa Nairobi kwa msaada wa Ford Foundation na Aga Khan Foundation, likiongozwa mwanzoni na Monica Mutuku. Lilichukua mtaji wa kudumu kutoka mtindo wa Marekani, lakini likakataa kuanza na tajiri. Linahimiza kikundi cha kijijini kitangulie kuchanga chake, kisha nalo liongeze, na limesaidia vikundi kuwa na mifuko yao ya kudumu chini ya mwavuli wake. Kutangulia huko kuna maana kubwa. Pesa ya nje inayofika kwanza humfanya mwanakijiji awe mpokeaji. Ikifika ya pili, humkuta tayari ni mwenye mali.

Uhusiano kati ya Cleveland na watu wa Likuyani ulianza kabla ya habari za mifuko. Wamisionari watatu wa Kikweka waliofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walihusiana na chuo cha Biblia cha Marafiki, yaani Wakweka, kilichokuwa Cleveland. Mbegu waliyopanda ilisafiri na wajukuu wa waumini wao hadi kwenye makazi mapya ya kaskazini, ambako makanisa ya Marafiki yapo hadi leo. Basi mji huo mmoja ulileta huku desturi ya mkutano ambamo kila muumini ana haki ya kusema, na miaka kumi na miwili baadaye ukabuni kamati ya raia ya kugawa mali ya umma. Sidai kwamba moja lilizaa lingine. Nasema tu kwamba mfuko wa jamii ukija Likuyani utakuta watu waliozoea kuamua mambo kwa kukaa pamoja.

Je, mfuko huo ungejengwa kwa kitu gani? Si lazima kwa fedha taslimu. Utajiri wa Likuyani ni mahindi, na utoaji wa mahindi una historia ndefu kuliko wa noti. Makanisa hupokea sadaka ya mavuno kwa gorogoro na kwa magunia. Kwa Mwislamu wa Matunda, zaka ya mazao yanayotegemea mvua ni moja ya kumi, yakifika takriban kilo 653, yaani zaidi kidogo ya magunia saba ya kilo tisini. Mwezi wa mavuno ndio mwezi ambao bei huanguka, kwa sababu kila mmoja anauza alipe deni la mbolea. Miezi kadhaa baadaye, ghala zikiwa tupu, bei hupanda. Mfuko wenye ghala kavu na kipimo cha unyevu, ili mahindi yashuke chini ya asilimia 13.5 ambayo bodi ya nafaka huidai, ungeweza kupokea gunia la Disemba na kuliuza Juni. Tofauti ya bei ingekuwa faida yake ya kwanza, bila mtoaji kuongeza hata punje. Faida ya namna hii ina uzuri mwingine: Mwislamu anayekwepa riba anaweza kushiriki bila kusita, jambo ambalo mfuko uliowekwa wote katika hatifungani za Serikali ungemnyima.

Ugumu ungekuja wakati wa kuandika hati. Kama ingesema "karo ya watoto wa Likuyani" na kuishia hapo, ingekuwa na uthabiti wa wakfu, na pia hatari aliyoiogopa Goff, kwani basari za kaunti na za eneo bunge huenda siku moja zikatosha huku visima vikikauka. Kama ingesema "mahitaji ya wakazi" bila zaidi, mwenye gunia angeuliza kwa haki ni nani atakayeyajua mahitaji hayo, na kwa nini amwamini. Mimi naegemea njia ya katikati. Kusudi la mtoaji liheshimiwe kikamilifu kwa muda uliotajwa, tuseme miaka ishirini. Baada ya hapo kamati ya watu kutoka wadi zote tano, Likuyani, Sango, Kongoni, Nzoia na Sinoko, iwe na haki ya kulibadilisha, lakini hadharani, kwenye baraza, baada ya hesabu kusomwa kwa sauti kama majina ya wachangaji yanavyosomwa matangani. Kusomwa huko ndiyo kinga ambayo Likuyani tayari inaiamini, na hakuna ripoti iliyochapishwa itakayochukua nafasi yake.

Kuhusu pa kuanzia, miaka ya mwanzo ya Cleveland ina la kufundisha. Mfuko wa Goff ulikuwa na jina kubwa na pesa kidogo, maana watoaji walikuwa bado hai. Badala ya kungoja wafe, ulifanya uchunguzi wa mji wenyewe: wa shule zake, kisha wa mahakama zake, uliotoka mwaka 1922 chini ya Roscoe Pound na Felix Frankfurter, na matokeo yakawekwa mbele ya wananchi. Likuyani inaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ya daftari na nauli ya bodaboda: chemchemi zipi zimekauka, watoto wangapi waliitwa sekondari wasiende, wajane wangapi wanalima bila hati ya shamba. Daftari hilo lisomwe Kongoni na Sango kabla mtu yeyote hajaombwa gunia la kwanza.