Nchi ya Adu Ilivyopigwa Picha kutoka Angani

Kabla eropleni hazijaanza kupita juu ya nchi iliyo kaskazini ya mto Sabaki wa Kenya, mipaka ya mashamba ya Adu, Marafa na Ramada haikuandikwa popote ila katika vinywa vya wazee, ambao waliitambua kwa mbuyu, kwa kaburi la babu, kwa mkondo wa maji ya masika, na kwa mwembe au mkorosho uliopandwa na mtu ajulikanaye kwa jina na ukoo wake. Na mgeni aliyetaka kuijua mipaka hiyo ilimlazimu atembee kwa miguu pamoja na wanaoijua, jua likimpiga na miiba ikimchoma, hata waishe kuizunguka. Ilikuwa elimu ya taratibu, yenye ugomvi mwingi na masuluhisho mengi, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo elimu zilizokuja baada yake hazikuwa nayo: haikupatikana bila ya kumkuta mwenye shamba.

Wagiriama walioivuka Sabaki katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wakiufuata udongo mzuri wa kingo za mto, walikuwa wamekwisha kuuzoea utaratibu huo hapo Serikali ya Kiingereza ilipotunga, mwaka 1908, sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani wa maili kumi uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja. Akawekwa afisa wa kuyasikiliza madai, na kila kipande ambacho hakuna aliyekidai kwa ushahidi uliokubaliwa kikawa mali ya Taji. Waarabu na Waswahili wa mijini walikuwa na nyaraka, na kadhi, na mashahidi wa kuapa. Mkulima wa Kigiriama alikuwa na konde lake tu, nalo huenda mwaka ule lilikuwa limelazwa lipumzike, limeota majani na vichaka, halina hata muhogo mmoja wa kumshuhudia.

Yaliyofuata yanajulikana. Serikali, ikiwataka vijana wa Kigiriama wawe vibarua wa mashamba ya walowezi, iliwaamuru waliokaa kaskazini ya mto wahame. Viongozi wao, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, walikwisha kuwalisha watu kiapo cha kukataa. Kaya Fungo, ngome yao takatifu ya msituni, ikapasuliwa kwa baruti tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia katika vita vikuu. Nyumba za ng'ambo ya mto zikatiwa moto, na baada ya vita watu wakaachwa warudi. Nayataja haya kwa kuwa mtu aliyekwisha kuchomewa nyumba mara moja haelekei kujenga ya mawe, wala kuzungusha shamba lake ua wa kudumu, na nyumba ya makuti na shamba lisilo ua ndivyo vitu ambavyo jicho la angani huviona kwa shida kuliko vyote.

Jicho hilo la kwanza lilikuwa la watu wa starehe. Mwaka 1929 bibi mmoja wa Kiingereza, Florence Kerr Wilson, alianzisha Nairobi shirika la ndege, Wilson Airways, ambalo ndege zake zilishuka mpaka Mombasa na Unguja. Na Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri aliyekuwa na nyumba Takaungu, kusini ya hori ya Kilifi, alikuwa na eropleni yake ndogo, akaitumia kuwatafuta ndovu kutoka juu ili wageni wake wenye mali wasihangaike porini siku nyingi. Safari yake ya mwisho ilikuwa ya kazi hiyo hiyo: alitoka pwani akaenda Voi kuwatazama ndovu, na tarehe 14 Mei 1931, alipokuwa akiondoka hapo, ndege yake ilianguka ikaungua, akafa. Watu hawa waliandika na kuandikiwa mengi ya kupendeza, wala simlaumu mtu kwa kuipenda nchi iliyo nzuri. Ila katika habari zao nchi ya nyuma ya Malindi ni pori, ndovu na vumbi jekundu, na binadamu wake hutokea pale tu panapotakiwa mchukuzi.

Vita vya pili vilipokwisha ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mwaka 1946 iliundwa Uingereza idara ya kupima na kuchora ramani za makoloni, na kikosi namba 82 cha jeshi la anga la Kiingereza kikatumwa Afrika na ndege za Lancaster, zilizoundwa kubeba mabomu, sasa zikibeba kamera. Rubani huruka asubuhi, siku ambayo mawingu ya pwani hayajakusanyika, akaenda mstari mmoja ulionyooka, kisha akageuka akarudi mstari wa pili ulio sambamba na ule wa kwanza, kama mtu alimaye kwa jembe la ng'ombe. Kamera iliyo tumboni mwa ndege hufumba na kufumbua kwa kipimo, hata kila picha ikaingiliana na iliyotangulia kwa zaidi ya nusu, ili kila mahali paonekane katika picha mbili zilizopigwa kutoka pembe mbalimbali. Picha hizo mbili zikiwekwa chini ya chombo cha vioo viwili kiitwacho stirioskopu, vilima huinuka na mabonde hudidimia mbele ya macho ya mtazamaji, naye aweza kuuchora mlima ambao hakuukanyaga asilani.

Na tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu hapa yasema kuliko maneno. Ndege ikiwa juu futi 15,000, na lenzi ya kamera ikiwa ya inchi 6, basi inchi moja ya picha ni futi 2,500 za ardhi, na picha nzima, ambayo ni inchi 9 kila upande, hukusanya nchi ya maili nne na kitu kwa maili nne na kitu. Katika picha hiyo nyumba ya makuti ya futi 20 huwa sehemu ya tano ya milimita moja, yaani nukta ya kijivu katika kichaka cha kijivu. Uwanda uliofagiliwa mbele ya nyumba huonekana, kwa weupe wake. Njia ya ng'ombe iendayo kisimani huonekana, nyembamba kama unywele. Konde la mwaka huu huonekana. Konde la mwaka juzi, lililolazwa, huonekana kuwa msitu. Kaburi halionekani, wala kigango kilichosimikwa kwa ajili ya marehemu, wala kaya, ambayo kutoka juu ni miti tu iliyo mirefu kuliko mingine. Mchoraji wa ramani, aketiye Uingereza na stirioskopu yake, hakuwa na hila wala uadui; aliandika alichokiona, na alichokiona ni kichaka chenye mashamba machache yaliyotawanyika.

Huko bara mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Katika nchi ya Wakikuyu, wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, wakulima waliokusanyiwa vipande vyao waliamrishwa wapande nyua za miti mipakani, zikue ziwe za kuonekana kutoka angani, kisha nchi ipigwe picha na ramani za kuandikishia mashamba zichorwe kwa kuzifuata nyua hizo. Sheria ya ardhi iliyoandikishwa, ya mwaka 1963, iliukubali mpaka wa namna hiyo, usiohitaji jiwe la mpima ardhi bali ua au kijito au njia iliyo dhahiri, na sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi ikaeneza kazi hiyo katika majimbo mengine. Kwa mkulima wa Nyeri, ambaye shamba lake ni lile lile kila mwaka, ilikuwa busara. Lakini pwani mtu aweza kuwa na mnazi katika ardhi isiyo yake, na kuuweka rehani, na kuurithisha, naye mwenye ardhi asiwe na neno. Na nyuma ya pwani, huku Adu, mtu huhama na konde lake huku akiuhifadhi udongo alioutoka kwa ajili ya wanawe. Ua wa miti ungemfunga nani, na wapi? Picha ya angani huonyesha mnazi vizuri sana, hata waweza kuihesabu minazi mmoja mmoja ndege ikishuka; haionyeshi mnazi ni wa nani.

Ajabu ni kwamba mwaka 1962, wakati ambapo wakulima wengi wa nchi hii hawakuwa na namba ya shamba hata moja, ndovu wa Tsavo, walio mlango wa pili tu kwa upande wa magharibi, walianza kuhesabiwa kwa eropleni.

Baada ya Uhuru, ardhi iliyokuwa ya Taji ikawa ya Serikali, na waliokaa juu yake wakaitwa maskwota, jina lililowakuta katika makonde ya baba zao. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Kenya iliafikiana na Serikali ya Australia kuanzisha mpango wa makazi wa Magarini, kaskazini ya Sabaki, wa kuwapa watu elfu nne na jamaa zao shamba la hektari 12 kila mmoja. Tukirudi kwenye hesabu yetu, shamba la hektari 12 katika picha ile ni chini kidogo ya nusu inchi kila upande, na juu ya meza mashamba elfu nne ya nusu inchi hupangika vizuri mno. Matingatinga yakaja yakafyeka, mafundi wakatafuta maji chini ya ardhi, wataalamu wakafundisha kilimo cha nchi kavu kama kilivyojulikana kwao. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa. Visima vingi vikatoa maji ya chumvi au visitoe kitu. Udongo uliovuliwa kichaka chake ukachoka upesi. Na mwisho wa miaka ya 1980 Waaustralia wakaondoka, wataalamu watatu wakautungia mkasa huo kitabu kizima kilichotoka mwaka 1991. Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa la picha. Kichaka kile kilichoonekana kutoka juu kuwa nafasi tupu kilikuwa ni ghala ya rutuba, na wenyewe walijua kwa nini wanakiacha kisimame miaka mingi kabla ya kukirudia. Ila hawakuulizwa kwa wakati.

Nchi hii hii, isiyopata kutazamwa vyema, ndiyo iliyopata bahati ya kurushia vyombo vya kutazama. Waitalia walisimamisha baharini mbele ya Ngomeni jukwaa lao la San Marco, na kutoka hapo wakarusha satelaiti tangu mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya Kimarekani ya kupeleleza miali ya nyota, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya. Wavuvi wa Ngomeni waliambiwa wasikaribie siku za kurusha. Tangu 1988 jukwaa hilo halikurusha tena, na satelaiti ya Kenya yenyewe ya kuitazama ardhi, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California.

Sisemi kwamba jicho la juu halina faida. Msitu wa Dakatcha, ulioizunguka Adu na Marafa, ni maskani ya mnana mmoja mdogo wa manjano asiyepatikana ulimwenguni ila humo na katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Na kampuni ya kigeni ilipotaka, yapata mwaka 2009, kupanda mibono katika hektari 50,000 za nchi hiyo kwa ajili ya mafuta ya magari, wanakijiji na wapenzi wa ndege walipinga, na mwishowe ruhusa haikutolewa. Mabishano ya namna hiyo leo hayaendi bila picha za satelaiti, zionyeshazo mwaka kwa mwaka makaa yanavyokula miti na mananasi yanavyosogea. Hapo picha ni shahidi mwadilifu, kwa kuwa inaulizwa habari ya miti, nayo miti yaijua.

Shida hurudi ikiulizwa habari ya watu. Siku hizi dalali wa Malindi hana haja ya Lancaster: ana droni, au amemwajiri kijana mwenye nayo, na kanuni za mwaka 2020 zinazomtaka awe na leseni huenda anazijua na huenda hazijui. Hurusha chombo chake asubuhi, kikapaa juu ya ekari kumi za vichaka, kikaonyesha bahari inayong'aa kwa mbali, na filamu ikatumwa kwa mnunuzi aliye Nairobi au Milano. Katika filamu hiyo hapana mtu. Aghalabu imepigwa kwa kukwepa nyumba. Mnunuzi hulipa, akaja na waya na nguzo zake, akamkuta bibi kizee anayepalilia mihogo, na kesi ikaanza ambayo wajukuu wa pande zote mbili wataimaliza.

Sasa picha za zamani zile, za Lancaster, hazikupotea. Nakala zake ziko katika idara ya upimaji Nairobi, na mkusanyo mkubwa wa idara ile ya Kiingereza umehifadhiwa Edinburgh, Skotlandi. Wakati wa kupigwa zilimficha mkulima wa Adu. Leo, baada ya miaka sabini na zaidi, mtu mwenye darubini nzuri aweza kuonyesha ndani yake uwanda mweupe wa nyumba, au njia ya kisimani, mahali ambapo mwenye hati ya juzi anaapa hapakuwa na mtu. Tume ya Taifa ya Ardhi imepewa na sheria kazi ya kuyasikiliza madai ya dhuluma za zamani, na wazee waliokuwa watoto picha hizo zilipopigwa, wawezao kusema nukta hii ni ya fulani na njia hii ilikwenda kwa fulani, wanakufa kila mwaka. Basi naiomba Serikali ya Kaunti ya Kilifi izitafute nakala za picha za kaskazini ya Sabaki, izikuze, izitundike Marafa na Adu kwenyewe, ambako mzee aweza kuzifikia bila ya nauli ya Nairobi, na imweke karani wa kuandika atakayoyasema.